Mtoto wa Nyoka ni Nyoka?

Hebu tujiulize, ndugu msomaji: kitu kilichozaliwa na vita kinaweza kutakasika?

Twende Schiphol, Uholanzi. Uwanja ule ulianza mwaka 1916 ukiwa wa jeshi, kwenye ardhi iliyokuwa ziwa hadi lilipokaushwa mwaka 1852. Mvua ikinyesha, matope matupu. Hapo, mwaka 1921, abiria walipanda Fokker F.III za shirika la KLM kwenda Croydon, London. Watu watano wanaketi ndani, wamefunikwa vizuri. Rubani yuko nje kando ya injini, upepo wote wake.

Sasa tazama ukoo wa ndege hiyo. Anthony Fokker, Mholanzi aliyezaliwa Java mwaka 1890, aliitengenezea Ujerumani ndege za kivita. Mwaka 1915 ndege zake zilifungwa rashasha iliyopitisha risasi katikati ya rafadha inayozunguka bila kuigusa. D.VII yake ya mwaka 1918 ilitisha hata washindi wakaitaja kwa jina katika masharti ya kusimamisha vita: ikabidhiwe! Fokker aliporudi kwao, ufundi alirudi nao: mwili wa mabomba ya chuma yaliyochomelewa, bawa nene la mbao. Reinhold Platz, fundi aliyeshiriki kuunda D.VII, ndiye huyo huyo wa F.III.

Wahenga walisema mtoto wa nyoka ni nyoka. Basi abiria wa Croydon alikuwa amepanda nyoka? Wengine watakujibu haraka: aa, chombo hakina dhambi, dhambi ni ya mtumiaji. Jibu tamu, lakini jepesi mno. Rashasha haikujifunga yenyewe puani mwa ndege. Kuna mtu aliikalia usiku na mchana, akapiga hesabu, akafurahi ilipofanya kazi.

Mimi naona tunachanganya mashtaka mawili. Kuna kesi ya ndege na kuna kesi ya mtu. Ndege imeshinda: ilibeba barua na wasafiri, ikazoesha watu kwamba bahari si ukuta. Kwa abiria hilo linatosha. Lakini mtu hawezi kujificha nyuma ya bawa la ndege yake. Fokker hakuacha kuuza ndege za kivita. Katika miaka ya 1920 aliendelea nazo kando ya zile za abiria. Viti vitano havikumlipia deni la wale walioanguka kutoka angani. Marehemu hapandi F.III.

Na sisi wenye kalamu je? Kuna jamaa anaandika shairi la kumtoa mtu machozi, huku kesho yake anaandika uchochezi kwa malipo. Tusilichane shairi; ni zuri, tulisome. Ila yeye akituambia, “Si mmelipenda shairi langu?”, tumjibu bila haya: shairi tumelipenda. Wewe, bado tunakudai.