Kona ya Bomba

Fundi mmoja wa jua kali mjini Kitale alinikabidhi kona ya bomba aliyoinunua kama chuma chakavu. Ilitoka kwenye boila upande wa Bungoma. Kwa nje ilikuwa nzima, rangi haijabanduka. Alikuwa ameipasua kwa msumeno: upande mmoja chuma kilikuwa kinene kama kidole changu cha mwisho, na upande wa pili, pale maji yanapogonga yakipinda, kimebaki kama kifuniko cha soda.

"Unaona kutu hapa, mwalimu? Hakuna. Maji yamelilamba tu."

Nikaikumbuka Mihama, Japani. Tarehe 9 Agosti 2004, bomba la maji ya moto lilipasuka katika kinu cha tatu cha nyuklia. Maji yale, yenye joto la nyuzi 140 hivi, yaligeuka mvuke ghafla juu ya wafanyakazi waliokuwa wakiandaa ukaguzi. Watano walikufa, sita wakaungua. Mionzi haikuvuja hata chembe, maana bomba lilikuwa upande wa mvuke, mbali na kiini. Walipolipima, chuma kilichoanza na milimita 10 kilikuwa kimefikia milimita 0.4 mahali pembamba kabisa.

Chuma kikikaa ndani ya maji ya moto hujivika ngozi nyeusi inayokikinga. Lakini maji safi sana, yasiyo na oksijeni, yakienda kwa kasi na kuvurugika, huiyeyusha ngozi hiyo na kuondoka nayo. Chuma huvaa nyingine, nayo huliwa, mchana na usiku, mwaka baada ya mwaka. Kromu kidogo tu ikichanganywa ndani ya chuma hupunguza ulaji huo sana. Mihama palipasuka karibu na kibamba chenye tundu cha kupimia mtiririko, mahali ambapo kila mhandisi anajua maji huvurugika.

Mbona basi hawakulipima? Halikuwa kwenye orodha ya ukaguzi. Tangu kinu kiwashwe mwaka 1976, mahali pale hapakuwahi kukaguliwa hata mara moja. Kosa la orodha liligunduliwa mwaka 2003, na kipimo kikapangwa kwa ukaguzi wa Agosti 2004. Zilikuwa zimebaki siku tano. Hapo ndipo moyo huniuma.

Sisi nasi hapa Kenya tunataka kinu cha nyuklia. Uyombo kule Kilifi pametajwa, kisha Siaya, na watu wanabishana kuhusu mionzi, kwa haki kabisa. Mimi nawaza habari ya watakaopima mabomba, ambao huenda sasa ni wanafunzi hapa kwetu.

Nilikipeleka kipande kile darasani, kikapita mkono kwa mkono. Jumatatu tukazunguka shule na daftari, tukiandika kila bomba. Nyuma ya jiko tulikuta moja linaloingia ukutani, lina joto ukiligusa, na mpishi wetu wa miaka mingi hakujua linakokwenda.