Deni la Aliyekombolewa

Njia ya misafara iliyotoka Bagamoyo hadi Ujiji haikupitisha pembe na watu peke yao. Ilipitisha na maneno. Mojawapo ni uungwana. Pwani, mwungwana alikuwa mtu huru mwenye nasaba yake. Huko bara hata wapagazi na askari wa msafara, ambao baadhi yao walikuwa watumwa, walijiita waungwana mbele ya wenyeji waliowaita washenzi. Ng'ambo ya ziwa, Kongo, Kiswahili chao kikaja kuitwa Kingwana. Ajabu iliyoje! Aliyedharauliwa Pwani alipata wa kumdharau Manyema.

Mapadri Weupe walifika Ujiji mwaka 1879. (Jina lao lilitokana na kanzu zao, wala si ngozi zao.) Waliwanunua watoto watumwa, wakawalea misheni, na tendo hilo wakaliita ukombozi. Hapa, msomaji mpenzi, ndipo panaponitatiza. Lugha yetu humkomboa mtumwa kwa neno lile lile linalokomboa rehani; na Mkristo humwita Bwana wake Mkombozi. Je, mtoto aliyerudishiwa kilicho chake anadaiwa shukrani? Na nani, na hata lini?

Mtazame Adrien Atiman. Aliibwa utotoni karibu na mto Niger, akanunuliwa na wamisionari kule Algeria, akasomeshwa utabibu Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kusini mwa Ujiji kando ya ziwa hilo hilo, akawatibu watu huko hadi alipofariki mwaka 1956. Miaka 67! Mtu angeweza kusema kwamba deni alilipa, tena kwa ziada. Lakini hesabu hiyo yenyewe ndiyo kosa, kwani kumkumbusha mtu bei yake ni kumrudisha sokoni, hata kama soko lina msalaba.

Sitaki kuwadhulumu waliomnunua. Kardinali Lavigerie, aliyewatuma, alizunguka miji ya Ulaya mwaka 1888 akiihubiri vita dhidi ya biashara ya watumwa. Ila kuchukia mnyororo ni jambo moja, na kumwona aliyefungwa kuwa sawa nawe ni jambo jingine. Tangu mapadri hao wafike Ujiji ilipita miaka 60 kabla Wakatoliki wa Afrika Mashariki hawajampata askofu wao wa kwanza Mwafrika, Joseph Kiwanuka wa Masaka, mwaka 1939. Na Papa Yohane Paulo wa Pili aliomba msamaha kwa ajili ya biashara ile, kisiwani Gorée, mwaka 1992.

Nasi wa Pwani tusijifiche nyuma ya kosa la Mzungu. Twasema uungwana ni vitendo, na usemi huo ni mzuri, kwa kuwa unaivunja nasaba. Lakini waumini wanaoazimia kuuvua ubaguzi, wawe wa Kigoma au wa visiwani, nadhani wangeanzia kwenye posa, pale wazee wanapoinamiana na kuulizana kwa sauti ya chini: babu yake alitoka wapi, na aliletwa na nani?