Bei ya Kinywaji na Bei ya Mzaha

Mtu apitaye karibu na kilabu cha pombe wakati wa jioni husikia kicheko kabla hajasikia harufu ya pombe. Wako wenzetu, hasa waalimu na wazee wa dini, ambao kicheko hicho huwakera; hukihesabu kuwa kelele za walevi, wakakiweka fungu moja na matusi na ugomvi. Sisemi kwamba wamekosea kabisa. Ulevi umevunja nyumba nyingi katika nchi yetu, na sikukusudia kuutetea hapa. Lakini kicheko cha kilabuni kina kanuni zake, na ndani ya kanuni hizo limo swali ambalo mwanafunzi wa maadili hana budi kulitazama: mtu huipata wapi haki ya kumcheka mwenzake mbele za watu, na haki hiyo huilipia nini?

Tuanze na bei, maana mizaha mingi ya kilabuni huzaliwa hapo. Mnywaji halipi kimya kimya. Akiambiwa bei imepanda huuliza kama kopo nalo limerefuka; akipewa kopo lisilojaa huuliza kama muuzaji amekwisha kumwonjea. Shuleni sote tumefundishwa methali isemayo kwamba mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na kwa kawaida hufasiriwa kuwa ni onyo kwa mtu mwenye kusifiwa asije akavimba kichwa. Tafsiri hiyo ni sahihi. Hata hivyo, ukiisikiliza vizuri methali hiyo utagundua kwamba sauti iliyomo ni ya mnywaji. Yeye ndiye aliyelipa akanywa maji. Yeye ndiye aliyejifunza kwamba sifa humgharimu msifu. Kwa hiyo akaacha kusifu, akashika mzaha. Akimwambia mgema, "Naona jana mvua ilinyesha hata ndani ya kibuyu," amekwisha kumshitaki bila kumpeleka barazani. Mgema naye anaweza kucheka pamoja na watu, heshima yake isiguswe, na kesho akaleta tembo safi. Huu ni ustadi mkubwa wa kuishi pamoja, nao hauandikwi katika sheria yoyote.

Mzaha wa namna hiyo hufaa pale ambapo mwenye kutaniwa yupo, anasikia na anaweza kujibu. Mambo hubadilika bei inapopangwa mbali. Wakati wa ukoloni vinywaji vikali vya Kizungu vilikatazwa kwa Mwafrika. Mapatano ya Saint-Germain-en-Laye ya mwaka 1919, waliyotia sahihi wakubwa wa Ulaya, yaliamua Mwafrika anywe nini bila ya kumwuliza. Baada ya uhuru tulikuwa na Tume ya Bei, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1973, nayo ilipanga bei za vitu vingi vya dukani. Nilikuwa kijana wa shule miaka ya mwanzo ya 1980, wakati bia ilipokuwa adimu, na nakumbuka jinsi watu wazima walivyosema "bei ya serikali" kwa sauti ya mtu amtajaye marehemu. Siku hizi ni bajeti. Kila mwezi wa Juni Waziri wa Fedha asomapo makadirio Bungeni, wanywaji hutega masikio kungojea kodi ya bia, na kabla hajaketi mzaha umekwisha kuzagaa nchi nzima.

Je, mzaha huo wa mbali una kazi gani? Wapo wasemao kwamba kicheko ni dawa ya usingizi; kwamba mtu akiisha kucheka bei hulala, na asubuhi huilipa bila kinyongo. Mimi, niliyekula mshahara wa serikali zaidi ya miaka thelathini, sina pupa ya kuwakatalia. Nimeona mambo mengi ambayo yangestahili kuulizwa kikaoni yakiishia kuchekwa kilabuni. Lakini pia nimeona kwamba watu wasioweza hata kulicheka jambo huwa wamekwisha kulikatia tamaa. Swali hilo nawaachia vijana walijadili darasani. Lililonisumbua mimi ni dogo zaidi, nalo linanihusu mwenyewe.

Mwaka 1993 nilikuwa karani kijana katika mkoa wa Iringa. Wasiopajua huko wafahamu kwamba kinywaji cha watu ni ulanzi, utomvu wa mianzi michanga. Mgema hukata ncha ya chipukizi wakati wa mvua, akatundika chombo chini yake, na kila siku asubuhi na jioni huirudia ile ncha akaichonga upya ili utomvu usikauke. Ulanzi wa asubuhi ni mtamu hata mtoto hupewa. Ukikaa huwa mkali, watu wakauita mkangafu. Ukizidi kukaa huchacha, hauna mnunuzi. Jambo hilo la mwisho lishikwe vizuri. Muuza bia aweza kufunga duka akangoja mwisho wa mwezi. Muuza ulanzi hangoji.

Kilabu tulichokwenda kilikuwa cha mama mmoja wa Kihehe, mjane mwenye watoto watatu shuleni. Mwaka huo mvua zilikatika mapema, mianzi ikatoa kidogo, naye akaongeza bei kwa nusu yake. Siku ya kwanza ya bei mpya alisimama mzee mmoja Mngoni, fundi seremala, akasema kwa sauti, "Babu zetu walipigana nanyi miaka minne, na hawakupata hasara niliyoipata leo kwa lita moja." Yule mama akamjibu pale pale, "Babu yako alikimbia kabla hajalipa. Hiyo nyongeza ni deni lake." Watu wakacheka mpaka wengine wakaketi chini. Mzee akalipa, tena akaongeza kidogo, na bei mpya ikakubaliwa na kilabu kizima bila ugomvi.

Mimi mtoto wa pwani niliona kwamba mchezo ni rahisi. Siku ya tatu nikashika kopo, nikalinyanyua kwenye mwanga, nikasema, "Mama, mvua zimekatika kwenye mianzi, lakini naona kisima chako hakijakauka." Wakacheka, nami nikafurahi. Yule mama hakujibu. Nilidhani amekosa la kusema, kumbe hakuwa na njia ya kunijibu: mimi ni karani wa ofisi inayotoa leseni yake, na babu yangu hakupigana na babu yake. Mzaha wangu ulitoka pale bila jibu, na neno lisilojibiwa hugeuka habari. Kesho yake watu walikuwa wakiulizana kama ni kweli ulanzi wa mama fulani una maji. Siku mbili baadaye nilimkuta nyuma ya kilabu akimwaga ulanzi uliochacha, debe zima.

Nilipomweleza yule seremala kwamba mimi nilitania tu kama yeye, alinitazama kwa muda. Kisha akaniuliza, "Mume wake alipofariki, wewe ulifanya nini?" Nikasema wakati huo nilikuwa sijafika huko. Akasema, "Mimi nilichimba kaburi."

Ndipo nilipoanza kuufahamu utani. Wazee wasema utani wa Wahehe na Wangoni ulitokana na vita vya miaka ya 1878 hadi 1882, ambavyo hakuna upande uliomshinda mwenzake kabisa. Watu waliopimana nguvu kiasi hicho waweza kuchekana, kwa kuwa kila mmoja anajua kwamba mwenzake ana jibu. Lakini usawa huo ni nusu tu ya jambo. Nusu ya pili iko msibani. Mtani huchimba kaburi, hupika, hufagia, huzuia jeneza akidai fedha, huigiza mwendo wa marehemu mpaka wafiwa wacheke katikati ya machozi. Kila neno baya alilolisema kilabuni amelilipia kwa jasho siku ambayo wengine wote walikuwa hawana la kusema. Mimi nilichukua mzaha kwa mkopo, na aliyelipa deni alikuwa mjane.

Wasomi wetu waandikapo juu ya utani hupenda kuhesabu makabila: nani mtani wa nani. Kazi hiyo ina faida yake. Ila naogopa kwamba tutawafundisha watoto orodha hiyo wakaikariri, halafu wakadhani kwamba kujua jina la kabila la mwenzako kunakupa ruhusa ya kumdhihaki. Kiswahili kinayo maneno mbalimbali, mzaha, masihara, dhihaka, kejeli, na utani, na tofauti zake haziko katika ukali wa neno lenyewe, maana neno la yule mzee lilikuwa kali kuliko langu.

Nilirudi kwa yule mama siku ya Jumamosi, kilabu kikiwa kimejaa, nikasema mbele ya watu wote kwamba nilisema uongo na kwamba ulanzi wake ni safi. Nikaweka mezani fedha za debe moja. Alizihesabu pole pole, akatoa zilizozidi akanirudishia, maana nilikuwa nimekadiria kwa bei ya rejareja naye akataka ile ya jumla. Kisha akaniwekea kopo lililojaa, na kwa mara ya kwanza akanijibu: "Kunywa, karani, mtani wa mkopo." Watu wakacheka. Jina hilo lilinifuata ofisini, sokoni na kituo cha basi, mpaka siku nilipohamishwa.