Mkate wa Elia: Neno kwa Wanafunzi wa Vyuo Vikuu



Nabii Elia hakuwa mtu mwoga. Juu ya mlima Karmeli alisimama peke yake mbele ya manabii 450 wa Baali, wala hakutetemeka. Lakini sura inayofuata katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme yatuonyesha mtu mwingine kabisa. Malkia Yezabeli ameapa kumwua. Elia akimbia mpaka Bersheba, amwacha mtumishi wake pale, aingia jangwani mwendo wa siku moja. Huko aketi chini ya mti, amwomba Mungu aitwae roho yake, kisha ajilaza na kusinzia.

Angalieni vema: alimwacha mtumishi wake. Mtu anayetamani kufa huanza mara nyingi kwa kujitenga na wenzake.

Ninyi mnaosoma Lubumbashi, Bukavu, Kisangani na penginepo mwamjua Elia huyu, maana mwalala naye chumba kimoja. Baba yake ameuza ng'ombe, shangazi yake ametoa akiba ya biashara ya mihogo, na kijiji kizima kinamngojea arudi daktari. Naye ameanguka mtihani. Au fedha za masomo hazikutimia, na simu ya nyumbani yamletea habari za vita. Usiku hapati usingizi; chakula hakimpendezi tena; haonekani darasani wala kwenye Misa. Wenzake wamwita mvivu. Siku moja agawa vitabu vyake, asema kama kwa mchezo: «Mimi ni mzigo tu kwa watu.» Ndugu, huo si mchezo. Shirika la Afya Duniani limehesabu watu 727,000 waliojiua mwaka 2021, na kwa vijana wa miaka 15 hadi 29 kujiua ni sababu ya tatu ya vifo.

Sasa tutazame Mungu alivyomtendea Elia. Je, alimkaripia? La. Alimtuma malaika, akamgusa, akampa mkate uliookwa juu ya makaa na mtungi wa maji. Elia akala, akalala tena. Malaika akarudi mara ya pili, akamlisha tena, kwa kuwa safari ilikuwa ndefu. Maswali ya Mungu yalikuja baadaye, huko Horebu, baada ya siku 40. Kwanza chakula, usingizi na mkono wa mwingine begani.

Mimi mwenyewe sikufuata njia hiyo. Miaka mingi iliyopita kijana mmoja alinijia baada ya Misa, akaniambia amechoka kuishi. Nikamfundisha amri ya tano, kwamba uhai ni mali ya Mungu nasi tumekabidhiwa tu. Mafundisho hayo ni ya kweli, nami sitayaondoa hata leo. Kijana akanisikiliza kwa adabu, akashukuru, akaenda zake na mzigo wake wote. Aliyemsaidia ni mwenzake wa chumbani, mwanafunzi asiyejua teolojia hata kidogo. Yeye alimwuliza waziwazi: «Je, unafikiri kujiua?» Yule akalia, akasema yote hata alfajiri. Mwenzake hakumwacha peke yake usiku ule. Aliondoa chumbani vitu vya kumdhuru, na asubuhi akamsindikiza kwa mganga wa hospitali. Kijana yu hai, ana watoto.

Wengi waogopa swali hilo, wakidhani litampandia mtu wazo baya. Madaktari wamechunguza, wameona sivyo: mwenye wazo hilo hupata nafuu akiulizwa kwa upole. Naye akikuambia, «Usimwambie mtu,» usimwahidi siri hiyo. Afadhali akukasirikie. Mwite padri, mwalimu, ndugu yake, na zaidi ya wote daktari, kwa maana huzuni ya namna hii ni ugonjwa mara nyingi, nao una dawa. Msiseme upesi kwamba amelogwa, wala msimpeleke kwenye maombi tu na kumnyima matibabu. Mabruda wa Mapendo, ambao shirika lao lilianzishwa na Padri Petrus Jozef Triest huko Gent, Ubelgiji, mwaka 1807, huwatunza wagonjwa wa akili hata katika inchi yetu. Kwenda kwao si aibu kuliko kwenda kutibiwa malaria.

Nanyi makatekista, neno moja juu ya wale ambao hatukuwahi kuwafikia. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 iliwanyima mazishi ya Kikristu waliojiua kwa kusudi, na wazee wetu waikumbuka bado. Sheria ya mwaka 1983 haina tena katazo hilo. Katekisimu ya mwaka 1992 yakiri kwamba kujiua ni kosa zito, lakini yasema pia kwamba maradhi makubwa ya akili, uchungu au hofu kuu hupunguza hatia ya mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake. Kwa hiyo, msiba wa namna hiyo ukitokea mtaani kwenu, msingoje kuitwa. Nendeni kusali rozari nyumbani kwa marehemu, mwombe padri amtolee Misa, na mama yake asiachwe kuketi peke yake kwenye mkeka.