JE, MTU ANA HIARI YAKE?



Ndugu mmoja wa parokia yetu aliitwa mbele ya wazee kwa sababu ametwaa mke wa pili. Akajibu: "Baba zangu, mimi nifanye nini? Kila jambo Mungu alikwisha kulipanga." Wazee wakanyamaza. Mimi shemasi pia nilikosa jibu, nikarudi nyumbani na haya.

Nikawaza mambo ya Papa Simon Kimbangu. Katika mwaka wa 1918 sauti ilimwita achunge kundi la Bwana. Akakataa, akisema hana elimu ya kutosha. Akakimbilia Kinshasa kutafuta kazi, sawasawa na Yona aliposhuka Yafa kutafuta merikebu. Sauti ikamfuata. Wengine husema: mnaona, hakuwa na njia ya kukataa!

Lakini tazameni vizuri. Alikataa kweli, wala Mungu hakumfunga kamba. Ni tarehe 6 Aprili 1921 ndipo alipoweka mikono juu ya mama mgonjwa. Tarehe 6 Juni msimamizi Morel alifika Nkamba na askari kumkamata, naye akatoroka. Basi, aliyetoroka angeweza kukaa mafichoni. Mwezi wa Septemba akarudi Nkamba, akajitoa mwenyewe. Tarehe 3 Oktoba tribinali ikamhukumu kifo. Mfalme Albert wa Kwanza akageuza hukumu kuwa kifungo cha maisha. Alifia gerezani Elisabethville, hii Lubumbashi yetu, tarehe 12 Oktoba 1951. Miaka 30! Sauti ilimwita, ndiyo, lakini miguu iliyorudi Nkamba ilikuwa yake.

Na Farao je? Fundo lile siwezi kulifungua lote. Hata hivyo soma mapigo kwa utaratibu: baada ya vyura, Farao mwenyewe alifanya moyo wake mgumu, baada ya mainzi, tena. Ni katika pigo la sita, la majipu, ndipo tunasoma kwamba Bwana aliufanya mgumu.

Kwetu tunafundishwa Bolingo, Mibeko, Misala. Nani anapatia jiwe amri?

Jumatano nikaenda kwa ndugu yule. Nikamwuliza: "Siku ya kupeleka mali kwa wakwe, nani alihesabu feza?" Akacheka kidogo, kisha akainamisha kichwa. Nje mke wake wa kwanza alikuwa akitwanga sombe, mchi ukanyamaza. Ndugu hakujibu. Tumepatana nirudi Jumatano ijayo.