Kosa ni la Samaki?

Katika miamba ya Ziwa Tanganyika wako samaki wadogo ambao wataalamu huwaita Tropheus. Wengine husafirishwa mpaka Ulaya, wakafugwa ndani ya masanduku ya kioo. Ziwani, dume hulinda jiwe lake. Aliyeshindwa hukimbia, ugomvi ukaisha. Ndani ya kioo hana pa kukimbilia. Aweza kufukuzwa mpaka afe. Kwa hiyo wafugaji huwaweka hata 20 pamoja, ili mapigo yagawanyike, asielemewe mmoja.

Je, hiyo ni amani? Sisi tunaoishi kwa kubanana tunasema hapana. Amani ni mnyonge kuwa na pa kujisitiri. Basi tusimhukumu mkali peke yake. Aliyewakusanya naye anadaiwa mawe ya kutosha.