Bibi yake Timotheo, na Bibi Zetu

Somo: 2 Timotheo 1:5



Mtume Paulo alipomwandikia Timotheo waraka wa pili, alimkumbusha imani yake ilikotoka. Hakutaja chuo, wala hakumtaja mtu mwenye cheo. Alimtaja kwanza Loisi, bibi yake, kisha Eunike, mama yake. Baba yake alikuwa Myunani. Basi nyumbani mle Neno la Mungu lilipita vinywani mwa wanawake wawili. Twaambiwa tena ya kuwa Timotheo aliyajua Maandiko tangu utoto. Mtoto mchanga hawezi kusoma. Bila shaka aliyapokea kwa masikio, ameketi karibu nao.

Na sisi tulikuwa na bibi na babu. Nani asiyezikumbuka jioni zile, ndizi zi motoni, moshi umejaa nyumba, mbuzi wakitafuna majani upande wa pili? Bibi hakufanya haraka. Alichochea moto, akatega kitendawili, na aliyeshindwa alimpa mji. Ndipo akaja fisi. Fisi huyo alifika njia panda, akanusa nyama kuume, akanusa nyama kushoto, akakataa kuchagua. Akatia miguu huku na miguu huku, akaendelea vivyo hivyo hata akapasuka msamba. Tulicheka sana. Lakini tulipokwisha kulala, kila mmoja alijiuliza moyoni kama fisi yule si yeye.

Wako vijana waliosoma wasemao, "Hayo ni maneno ya wajinga." Na wako Wakristo wengine waonao hofu, wakisema, "Bibi yangu hakubatizwa. Je, nikizipenda hadithi zake sirudi gizani?" Swali hili si dogo, na tulijibu kwa utaratibu.

Kwanza, tazameni Maandiko. Katika Waamuzi mlango wa 9 Yothamu alisimama juu ya mlima Gerizimu akawasimulia watu wa Shekemu hadithi ya miti iliyotafuta mfalme. Naye nabii Nathani alipotumwa kwa Daudi, alianza kwa habari ya maskini na mwana-kondoo wake. Kwa hadithi hiyo mfalme alijihukumu mwenyewe. Mungu hakuona haya kuitumia hadithi.

Pili, mkumbukeni Martin Luther. Mwaka 1530 alikaa miezi katika ngome ya Coburg, huku mambo makubwa ya imani yakijadiliwa Augsburg. Katika siku zile za mashaka alishika kazi ya kuzitia katika Kijerumani hadithi za wanyama za Aesop, Myunani wa kale asiyemjua Kristo, ili watoto na watu wa nyumbani wapate akili.

Tatu, habari ya kwetu Kilimanjaro. Bruno Gutmann, mmisionari wa Leipzig, alifika mwaka 1902, akafanya kazi miaka mingi Moshi ya Kale. Alikuja kufundisha, lakini aliketi na wazee ili afundishwe. Waliyowafundisha vijana wao, pamoja na mafundisho ya mregho, kile kijiti chenye alama zilizochongwa, aliyaandika. Na mafundisho ya kabila yakatoka katika vitabu vitatu, tangu mwaka 1932 hata 1938. Wazee wale wamekufa. Yaliyoandikwa yako, yasiyoandikwa yamezikwa pamoja nao.

Lakini si kila hadithi ni ya kushikwa. Ziko zinazofundisha kuogopa uchawi, na ziko zinazoyalisha magomvi ya zamani ya ukoo na ukoo. Hizo zisivuke kizazi chetu. Yapimeni yote, myashike yaliyo mema, kama apepetaye mtama, ambaye hatupi ungo pamoja na makapi.

Sasa ninyi walimu, sikilizeni neno langu kubwa. Yule bibi kizee asiyebatizwa akaaye mwisho wa kijiji, unataka alisikie Neno la Mungu. Ikiwa ulizicheka hadithi zake, atawezaje kuisikiliza yako? Nenda, keti chini, mwamkie kama ipasavyo, umwombe akusimulie. Akimaliza habari ya fisi, mwambie ya kuwa Bwana wetu naye alifundisha habari ya mtumwa wa mabwana wawili. Ataelewa upesi kuliko wewe ulivyoelewa darasani, maana fisi amemfahamu tangu utoto wake. Hii nayo ni Amri ya nne, kuwaheshimu waliotuzaa na waliowazaa wao. Na heshima ya kwanza ni kusikiliza.

Nanyi mlio bibi na babu katika usharika, msinyamaze. Wajukuu wenu wanajua kusoma, lakini hawajui jinsi mlivyoitwa, jinsi ukoo ulivyowakataa siku ya ubatizo, wala jinsi Mungu alivyowalisha mwaka wa njaa. Habari hizo hazimo katika kitabu cho chote. Msipozisema ninyi, nani atazisema? Loisi hakuandika waraka hata mmoja, wala hatujui neno moja alilolisema. Lakini mjukuu wake alilichunga kanisa.

Mungu atupe masikio ya kusikia na vinywa vya kusimulia, kwa ajili ya Yesu Kristo Bwana wetu. Amin.